Kichwa cha Shaba Nyumbani Matrah

Mwaka walipotaka kumchukua binti yangu wakamfanye mtumishi Sib, nyumba yetu ya Matrah, kando ya Maskati, ilikuwa na wanawake wanne: mimi, mtoto, mama mkwe wangu, na mwanamke wa shaba aliyekuwa ndani ya kitabu. Mume wangu simhesabu. Yeye alikuwa Kuwait anabeba saruji, na salamu zake zilitufikia kwa midomo ya watu. Nnaandika haya kwa hasira na sioni aibu kusema hivyo. Nilisoma mpaka sekondari, na mwalimu mmoja alitufundisha kwamba mtu apoe kwanza ndipo ashike kalamu. Nimengoja kupoa, sijapoa.

Nianze na huyo wa kitabuni, maana bila yeye hayaeleweki mengine.

Kitabu kilikuwa cha maisha ya mchongaji sanamu wa Kifaransa, mtu wa karne iliyopita. Jina lake nnalijua. Silitaji, kwa sababu yeye hakulitaja la yule mwanamke, na katika haya nnayoandika hatajwi mtu yeyote, twende sawa sote. Nilipewa kitabu hicho Unguja, siku ya zawadi, na mwalimu wa Kizungu aliyetufundisha kuchora. Aliniona nna mkono mwepesi, akadhani nitafurahi. Na kweli nilifurahi. Nilikisoma mpaka nikawa nnaijua hadithi ya yule bwana kuliko ya babu yangu mwenyewe.

Baba yake alikuwa fundi wa makufuli katika mji mdogo wenye baridi. Mtoto alianza kwa kuchonga mikono ya watakatifu wa kanisani, mikono tu, maana bwana wake hakumwamini na nyuso. Akenda Paris, akakodi chumba, akalala humo pamoja na udongo wake. Usiku wa baridi kali aliufunika udongo blanketi usije ukaganda ukapasuka, na yeye akalala anatetemeka. Kitabu kilimsifu sana kwa blanketi lile. Siku moja akaja baharia mweusi kukaa mbele yake achongwe ili apate pesa ya kula, naye akamchonga kichwa, na mji mzima ukenda kutazama. Basi. Toka hapo hakutaka tena kuchonga Wafaransa. Serikali yake ikampa nauli, akazunguka Afrika akitafuta vichwa.

Kazi yake ilielezwa hatua kwa hatua. Mwanzo hakugusa udongo. Alitoa bikari akapima: sikio mpaka sikio, pua mpaka kidevu, jicho mpaka jicho. Ndipo ukaja udongo. Juu ya udongo plasta, ndani ya plasta nta, kisha nta ikayeyushwa ikatoka, ikaacha uwazi wenye sura ya mtu, na ndani ya uwazi ule ikamiminwa shaba. Hapo nilikuwa nikifika nasimama kusoma. Ule uwazi. Kwa muda fulani, ndani ya ganda la plasta, yule mtu hakuwepo kabisa ila tundu la uso wake, linangoja moto.

Picha iliyonishika ilikuwa katikati ya kitabu. Kichwa cha mwanamke, kikubwa ukurasa mzima. Shaba nyeusi, nywele zimesukwa mistari, mdomo umefumbwa kama wa mtu aliyekatazwa kujibu. Mwili hana, amekatiwa mabegani, na hapo mabegani amevikwa shuka iliyochongwa kwa jiwe la marmar yenye mishipa myekundu. Masikio yake yalikuwa na matundu yaliyopangwa ukingoni toka juu mpaka chini, yale wanayotiwa watoto wa kike kwetu wakavaa vikaratasi vya rangi vilivyoviringwa. Mchongaji aliyachonga yote, hakuruka hata moja. Chini imeandikwa: Mwanamke wa Zanzibar.

Kichwa kilinunuliwa kikawekwa katika jumba la mfalme wao. Baadaye watu walichoka na vichwa, mchongaji akachuja, akafa mbali na kwao ndani ya nyumba iliyojaa plasta zake ambazo hakuna aliyezitaka, na kitabu kilimsikitikia kurasa na kurasa. Yule mwanamke kilimpa mstari mmoja: kwamba balozi wa Kifaransa ndiye aliyempatia mchongaji, na kwamba alikaa kimya kutwa bila kuchoka. Bila kuchoka. Hebu kaa wewe.

Alikuwa sura ya bibi yangu mzaa mama. Nikisema sura sisemi kwamba wote wawili walikuwa weusi. Nnasema paji la uso, na ule mdomo, na jicho la kushoto lililo chini kidogo kuliko la kulia. Bibi yangu alizaliwa na suria aliyeletwa kutoka bara, hakuna aliyejua wapi, wala hakuna aliyeulizwa. Na binti yangu alipozaliwa, mkunga alipomgeuza nikamwona, nilinyamaza. Mkunga akaniuliza, "Vipi, hukumpenda?" Nikamwambia nampenda. Sikuweza kumwambia kwamba nimeshawahi kumwona.

Tulikuja Maskati mwaka wa sitini na nne. Yaliyotutoa Unguja siyaandiki hapa. Binti yangu alikuwa wa kunyonya, na kitabu nilikizungusha ndani ya nepi zake. Waliotupekua walitaka dhahabu, nepi hawakuzitaka. Mume wangu alituteremsha Matrah nyumbani kwa mama yake, akakaa miezi, hakupata kazi, akenda Kuwait. Mimi nikabaki na mama mkwe.

Mama mkwe wangu alikuwa mjane mwenye mgongo ulionyooka. Hakupiga kelele, hakutukana. Alifunga mtandio ukambana chini ya kidevu asubuhi na hakuufungua mpaka taa izimwe, hata jikoni, hata joto la mwezi wa saba ambapo kuta zenyewe zilikuwa zinatoa moto. Kiarabu ndicho alichosema. Cha kwangu kilikuwa cha chuoni na cha kununulia samaki, na nikikosea aliningoja nimalize, kisha akalisema neno vizuri, taratibu, kama mtu anayeokota uchafu.

Na picha ndani ya nyumba yake hakutaka. Alishika dini yake kwa makini, na mimi hilo silicheki. Lakini lilikuwa jambo la kutisha kuishi nalo. Kila kopo lililoingia lilipita mikononi mwake kwanza. Kopo la maziwa lina mtoto anayecheka: alichukua msumari akamkwangua uso. Pakiti ya chai ina simba: simba hana kichwa. Ng'ombe wa samli hana kichwa. Katika rafu yote ile ya jikoni hapakuwa na jicho moja, ila mahali palipokwanguliwa pamebaki bati tupu linalong'aa, na wewe unapika huku unajua kuwa pale palikuwa na mtu. Kitabu changu nilikificha chini ya nguo, ndani ya sanduku.

Nilikuwa nna njia yangu ya kupumua. Nilimsema kwa Kiswahili. Nikimbeba mtoto kiunoni, namwambia, na bibi yake yupo hapo hapo anapepeta mchele: "Mwone bibi yako, kanuna kama aliyekula ndimu na maganda yake. Mwambie acheke, hatozwi." Au, "Leo kachelewa kufa tena." Mtoto anacheka. Mama mkwe anapepeta mchele. Nikimaliza namgeukia kwa adabu na kwa Kiarabu, "Nikusaidie, mama?"

Binti yangu akakua, akatembea, na mambo ya weusi wake yakaanza kuonekana. Ilikuwa siku ya pili ya sikukuu, wanawake wamejaa, halwa katikati. Mgeni mmoja alimaliza kahawa, akatazama huku na huku, akamwona mwanangu amesimama mlangoni na gauni lake jipya. Akamkabidhi sinia la vikombe. "Peleka jikoni, binti, ukamwambie mama yako avisuuze vizuri." Mtoto alikuwa mdogo hata vikombe vinalia juu ya sinia. Nilikuwa nimeketi mkabala na yule mgeni, shela yangu ya hariri, na hakufikiri hata kidogo kwamba mama aliyemtaja ni mimi.

Nilimtazama mama mkwe. Neno moja tu lilitakiwa: huyu mtoto wa mwanangu. Alikuwa anamenya chungwa. Akaendelea kumenya chungwa.

Nikainuka nikalichukua sinia nikaliweka mapajani mwa yule mgeni, nikamwambia mama wa mtoto huyu ni mimi na mikono yangu ina hina leo, avisuuze mwenyewe. Kiarabu changu siku hiyo hakikukosea.

Mmojawapo wa waliokuwa wameketi pale alikuwa shangazi yake mume wangu, dada wa marehemu baba mkwe. Aliishi Sib, ana shamba la mitende na ndimu, hana mtoto. Wageni walipoondoka alimwita mwanangu. Akamshika mkono juu ya kiwiko, akaubinya. Akamwinua kidevu, akamgeuza uso upande huu, akamgeuza upande wa pili, apate mwanga wa dirisha. Mtoto alitulia kimya. Nikaikumbuka ile bikari.

"Nipe huyu," akamwambia mama mkwe. "Nitamlea. Kule kuna maziwa, kuna hewa. Hapa mnamfanyia nini?"

Kulea tulikujua sote. Watoto waliolelewa hivyo niliwaona. Wanachota maji, wanalala mlangoni mwa jikoni, hawakai kwenye mkeka watu wakila, na wakibaleghe wanaozwa mwenye kumwagilia mitende. Jina la kuwaita ni la nyumba, lakini kitanda si cha nyumba. Nikasema mwanangu hatoki. Shangazi hakunisikia, au alinisikia kama mtu anavyosikia mlango. Alikuwa anamtazama mama mkwe. Na mama mkwe akasema, "Tutaona."

Tutaona. Niliishi na neno hilo mwaka mzima. Mume wangu nilimpelekea salamu na mtu anayesafiri, akarudisha jibu: mama anajua lenye kheri. Basi nikajua kuwa sina mtu.

Kitabu alikitoa mtoto mwenyewe. Alikuwa amejifunza kufungua sanduku, akakikuta, akafungua penye picha, akaizoea. Nilimkuta amekaa sakafuni anazungumza nayo. "Bibi halali," akanambia. "Macho yake hayafungi." Nilimwuliza nani kamwambia kuwa huyo bibi. Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. Nilikificha tena, akakitoa tena. Mpaka siku moja narudi kutoka kisimani nakuta kitabu hakipo, na mama mkwe hayupo, na mtoto analia.

Alikuwa amekipeleka kwa mwalimu wa chuo, mzee aliyesomesha Kurani mwisho wa kichochoro chetu. Nikaenda na ndoo yangu mkononi. Nikasimama nje ya mlango, nikayasikia yote.

"Picha ikiondolewa kichwa haina neno," mwalimu alikuwa anasema. "Hilo twalijua. Lakini hii, mama fulani, hii ni kichwa. Nikikata kichwa, nimebaki na nini? Nimebaki na mabega ya mawe."

"Basi kata unavyoona."

"Naona tatizo."

"Wanafunzi wako wakileta picha unafanyaje?"

"Napiga mstari shingoni, na mtu amekwisha. Lakini wale wana miili." Niliwasikia watoto wa chuo wananong'ona, mmoja akacheka akapigwa kifimbo. "Huyu kafiri aliyemtengeneza," akasema mwalimu, "amekwisha kutufanyia kazi, na ameifanya kinyume."

Mwisho akachovya kalamu akapiga mstari. Alipiga shingoni, palepale, mweusi, mnene, toka upande hadi upande. Wino ukanywea kwenye karatasi ukashuka vijimstari kidogo kuelekea kwenye ile marmar. Mama mkwe alipotoka akanikuta mlangoni, akanipa kitabu.

Nakwambieni, kabla ya hapo yule mwanamke alikuwa picha. Baada ya ule mstari alikuwa maiti. Nilikuwa sikiangalii na bado namwona. Nikiteleka chungu namwona, nikimsuka mwanangu nywele, vidole vyangu vinapita kwenye mistari ya kichwa kingine. Nilianza kuogopa kumsuka. Na mtoto, ambaye sikumwonyesha ukurasa ule tena, alianza kulala na kitambaa amekizungusha shingoni. Nilipomvua alilia.

Siku hiyo hiyo ya mstari tulipofika nyumbani nilimalizana na mama mkwe. Nilianza kwa Kiarabu, kikanishinda, nikamwaga yote kwa Kiswahili kama nilivyozoea, safari hii uso kwa uso.

"Unamjua uliyemchinja? Huyo ni mama yake bibi yangu. Mfaransa amevuka bahari kuja kumtengeneza. Amemtia shaba, amemvika marmar, wafalme wamemweka katika jumba lao. Nani kavuka hata kichochoro kuja kuwatazama watu wako? Unamwonea haya mwanangu kwa sura ile. Sura ile wazungu wanaipigia magoti, wewe mbibi uliyekula ndimu."

Kama kweli alikuwa mama yake bibi yangu sikujua, na sijui mpaka leo. Nilisema nilichokuwa nacho.

Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Aliutengeneza mtandio wake chini ya kidevu. Kisha akajibu kwa Kiswahili. Si cha kubabaisha, si cha kujifunzia sokoni. Kiswahili cha zamani, cha pwani, kimetulia kuliko changu.

"Wamemkata kichwa wakakiweka watu wakitazame. Nawe wajivuna."

Ndoo ilikuwa bado mkononi.

"Nao mdomo wangu si ndimu," akasema. "Jino laniuma. Mwaka wa tatu sasa. Nawe wanisema mbele ya mjukuu wangu."

Mjukuu wangu. Alilisema kwa Kiswahili, katika lugha ambayo hakuna mwengine wa kulisikia. Nilikaa chini sakafuni. Miaka yote ile. Kila tusi, kila siku niliyomwombea afe, alikuwa anapepeta mchele na anasikia.

Nilimwuliza kajifunza wapi. Alisema, "Mtoto aende Sib. Huku watu wana macho. Kule shambani hatazamwi na mtu."

"Kule atakuwa mtumishi."

"Atakuwa hai, hana wa kumgeuzageuza. Mtu akijulikana ni mtumishi, watu huacha kumtazama."

Na hapo akarudi kwenye Kiarabu, akanambia chumvi imekwisha.

Mama mkwe amekufa mwaka jana. Tulimwosha wanawake wa nyumba, na mimi nilikuwa namimina maji. Walipofungua mtandio, ule aliofunga miaka yote, nikayaona masikio yake. Ukingoni toka juu mpaka chini kulikuwa na vijikovu vilivyopangana, matundu yaliyozibwa na umri, hakukosekana hata kimoja. Mama aliyemtoboa alikuwa wa kwetu. Wote waliokuwa chumbani walijua, maana hakuna aliyeshtuka ila mimi, na mmoja akanisukuma kiwiko niendelee kumimina. Ndipo nilipoelewa kwamba hakumchukia mwanangu. Alimjua. Alikuwa amejificha maisha yake yote nyuma ya kitambaa na ya lugha isiyokosea, na mjukuu akaja na ule uso wazi, bila kitambaa, akaupeleka mlangoni mbele ya wageni. Kuelewa hakukunipoza. Nasema ukweli: nilimimina maji yale kwa hasira, hata yakarukia ukuta.

Lakini hayo ni ya baadaye. Mwaka ule nilikuwa sijui lolote kati ya haya. Nilijua tu kwamba anasema Kiswahili na kwamba amekubali.

Shangazi alikuja asubuhi na Landrova, dereva mbele, yeye nyuma na mto wa kukalia. Gari kuingia kichochoroni kwetu lilikuwa jambo, na watu walisimama milangoni. Mama mkwe alikuwa amemwogesha mtoto, amempaka wanja, amemfungia nguo zake katika kitambaa cha kijani. Mtoto alifurahi kwa sababu ya gari. Dereva akampandisha.

Mimi nikaingia chumbani nikachukua shela yangu na bunda langu, lililokuwa limefungwa tangu asubuhi, na kitabu ndani yake. Nikatoka. Nikapanda Landrova upande wa pili, nikakaa baina ya mwanangu na shangazi.

"Unakwenda wapi wewe?" shangazi akauliza.

"Sib."

"Nani kakualika?"

"Wewe unatafuta mtumishi. Mtoto huyu hajui kupika, hajui kufua, mwaka mzima utamlisha bure. Mimi najua vyote. Chukua wawili."

Akacheka kidogo, akadhani mzaha. "Shuka, binti. Watu wanatazama."

"Watazame. Nitachota maji na yeye, nitalala jikoni na yeye. Wageni wako wakiuliza mwanamke huyu nani, nitawajibu mwenyewe: mke wa mtoto wa kaka yako, nimekuja kusuuza vikombe. Nitaisema kila siku, kwa Kiarabu na kwa Kiswahili, na Kiingereza nnacho pia wakija Waingereza."

Dereva alishuka akaenda kutazama gurudumu ambalo halikuwa na neno. Uso wa shangazi ulikuwa umeanza kubadilika. Mtoto wa watu mweusi akiwa jikoni, hakuna anayemwona. Mke wa mtoto wa nduguye jikoni, mwenye hariri na mwenye mdomo, huyo Sib nzima ingemjua kabla ya adhuhuri.

"Mwambie ashuke," akamwambia mama mkwe, aliyesimama mlangoni. "Huyu wazimu wako, mwambie ashuke."

Mama mkwe alitazama kichochoro. Mwalimu wa chuo alikuwa ametoka na fimbo yake, wanafunzi nyuma yake. Wanawake wa jirani walikuwa wameinua mapazia. Kila mtu aliyempa heshima yake kwa miaka yote ile alikuwa pale. Kisha akasema kwa Kiswahili, kwa sauti, kichochoro kizima kisikie:

"Mteremshe mwanetu. Jua kali, ataumwa."

Shangazi alimtazama kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, na yeye mwenyewe amevuliwa pamoja naye. "Umesahau ulipo," akamwambia polepole, kwa Kiarabu.

"Nipo mlangoni kwangu," mama mkwe akajibu, kwa Kiarabu kile kile chake safi, akageuka akaingia ndani.

Nikateremka na mtoto. Analia, maana alitaka gari. Kitambaa cha kijani kilibaki juu ya kiti, dereva akanirushia, na Landrova likarudi kinyumenyume mpaka njia kuu, maana kichochoro hakikuwa na pa kugeuzia. Ndani mama mkwe alikuwa amekwisha keti na mchele wake. Sikumshukuru. Yeye hakungoja shukrani. Tangu siku ile hadi alipokufa hakunambia neno la Kiswahili tena, na wanawake wa sikukuu hawakuja kwa wingi kama zamani, na walipokuja walikaa karibu na mlango. Yeye alilipia, najua. Ila ndiye aliyemwogesha mtoto na kumfungia nguo, na hilo nalo najua.

Kitu kinachonirudia si gari. Kabla mwezi haujaandama nilisikia kwa muuza mboga kwamba shangazi amepata msichana mwengine. Amemtoa huko ndani, milimani, kwa watu maskini. Amemleta shambani kumlea. Anatulia sana, alisema muuza mboga, hasumbui.

Nilimwuliza anaitwa nani. Akasema hajui, ni mtoto tu. Nikamwuliza dereva wa Landrova nilipomwona sokoni, naye akasema wanamwita binti. Sasa mambo yamebadilika, watu wanakwenda Sib asubuhi na kurudi jioni, nami nimekwenda mara kadhaa kununua samaki, nimemshika mwanangu mkono. Kila mara natazama nyuso za wasichana wenye kubeba maji, nikimtafuta mtu ambaye sijapata kumwona.